Nimepata ufadhili wa uzamivu wa theolojia, dayosisi nayo inataka saini yake

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mchungaji, mwanamke wa miaka 38, naishi Ipagala hapa Dodoma. Mume wangu anafundisha sekondari ya serikali. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo darasa la nne. Nina shahada ya uzamili, nilibobea Agano la Kale, na mwaka jana nilijisajili uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini. Ni uzamivu wa utafiti mtupu, hauna madarasa. Naandika nikiwa hapa nyumbani, nakwenda kuonana na msimamizi wangu mara chache, mengine tunayamaliza kwa barua pepe. Ada ya mwaka wa kwanza niliipata kwa kuuza kiwanja cha Nzuguni. Kiwanja kingine sina.

Ninachoandika ni kitabu cha Yoeli, hasa ile sura ya kwanza inayolilia nzige, ukame na mzabibu uliokauka. Nakisoma sambamba na masimulizi ya Wagogo kuhusu Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalipokomba nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nazo zikakata. Walioiona hawapo tena, lakini watoto wao na wajukuu wao bado wanayo masimulizi.

Kuna mfuko mmoja wa nje unaosaidia wanafunzi wa uzamivu wanaofikiria kufundisha katika vyuo vya theolojia. Niliomba bila matumaini makubwa, nikachaguliwa. Watalipa ada kwa miaka mitatu, nauli, vitabu na posho ya kujikimu, tena watanipa mlezi, mhadhiri mzoefu wa kuzungumza naye mara kwa mara. Wana masharti mawili. Nitamke kwa maandishi kwamba nakusudia kufundisha, na kanisa langu liandike kwamba linanituma na litanipokea nikimaliza.

Barua hiyo ya kanisa ndiyo inayoninyima usingizi. Ofisi ya dayosisi imekubali kuiandika, ila kwanza nisaini mkataba wao: nikihitimu nitumikie dayosisi miaka saba "katika kazi yoyote nitakayopangiwa". Nikiuvunja, narudisha gharama zote za masomo, pamoja na zile zilizolipwa na mfuko. Dayosisi yenyewe haitoi hata senti. Niliuliza kama neno "kufundisha" linaweza kuingizwa, nikajibiwa, "Mchungaji, unatuamini au hutuamini?" Nikanyamaza.

Mkuu wa chuo cha theolojia ninachokitegemea ameniambia kwa mdomo, "Njoo tu, nafasi ipo." Akaongeza, maana ni mtu mkweli, kwamba mshahara hautafika milioni moja, na mwaka jana walikaa miezi mitatu bila kulipwa kwa sababu dayosisi zilizoleta wanafunzi hazikuwa zimemaliza ada.

Mume wangu ananiunga mkono, ila aliniuliza swali nikakosa jibu: "Hivi unataka kufundisha, au unataka kusomeshwa?" Rafiki yangu niliyesoma naye, sasa yuko kwenye shirika moja pale Area D, ananiambia nichukue hela nisome, halafu nitafute kazi kwenye mashirika au chuo kikuu cha serikali, kwa sababu theolojia haina maisha. Wifi yangu anasema mwanamke wa umri wangu angeangalia watoto.

Kufundisha nimewahi. Nilishika darasa la Kihebrania muhula mmoja baada ya mwalimu wao kuugua. Kitabu kilikuwa kimoja, tunatoa kopi, na kurasa za mwisho zilishachanika. Alikuwapo mwinjilisti mmoja kutoka upande wa Manyoni, mtu mzima kunizidi, ameacha nyumbani mke na mbuzi. Alikuwa akiichora herufi kwa kidole juu ya meza kabla ya kuiandika kwenye daftari, kutoka kulia kwenda kushoto, midomo inacheza. Siku aliposoma mwenyewe mstari wa kwanza wa Mwanzo mpaka ukaisha, alifunga ile kopi akasema, "Kumbe ndivyo ulivyokaa," akatoka nje. Sijui kwa nini nakuandikia hili, labda halihusiani.

Mfuko unataka jibu mwisho wa mwezi. Nisaini, au niache?

Mchungaji wa Ipagala

JIBU

Marahaba, Mchungaji. Ameni.

Umeuliza kana kwamba karatasi ni moja. Ziko mbili, na majibu yake hayafanani. Ya mfuko, isaini. Ya dayosisi, kwa jinsi ulivyoninukulia, usiisaini mpaka ibadilishwe, na ninaamini itabadilishwa ukijua pa kuanzia.

Nianze na swali la mume wako, maana ndilo lenye uzito kuliko yote na ndilo ulilolipitia haraka. Barua yako imejaa ada, mikataba na wifi. Kisha, bila kuulizwa na mtu, unaniletea mwinjilisti wa Manyoni anayechora herufi kwa kidole. Hukuniambia rangi ya jengo wala jina la chuo, ila midomo yake unaikumbuka ilivyokuwa inacheza. Mtu anayetaka kusomeshwa tu hakumbuki midomo ya mwanafunzi. Anakumbuka posho. Kwa hiyo mjibu mume wako kwamba unataka kufundisha, na kama hakuamini msomee ile aya.

Hata hivyo muhula mmoja wa kumshikia mtu darasa si kazi ya maisha. Hujawahi kusahihisha karatasi za mtihani saa tano usiku umeme umekatika, wala kukaa kwenye kikao cha wahadhiri kinachojadili nani aliyepoteza ufunguo wa maktaba. Mwombe huyo mkuu wa chuo akupe somo moja kwa mwaka katika kipindi hiki cha utafiti, hata kama ni kwa nauli tu. Ukifika mwaka wa tatu bado unapenda, basi. Ukigundua hupendi, ni heri ugundue mapema kuliko ukiwa na joho.

Wala usiogope kusema "nakusudia" wakati moyo bado unapima. Mifuko ya aina hii inajua inashughulika na watu wanaofikiria. Pale Atlanta, Marekani, kuna taasisi inayoitwa FTE ambayo tangu 1954 imekuwa ikiwasaidia vijana wanaopima wito wa uchungaji na wa kufundisha theolojia, na kwa miaka mingi imetoa ufadhili kwa wanafunzi weusi na wa jamii nyingine zisizo za Wazungu wanaosoma uzamivu huko, ili kumbi za mihadhara za seminari zisibaki na sura ya aina moja. Huo hautuhusu sisi wa Dodoma. Nimeutaja kwa sababu ya mtindo wake: hawatoi hela peke yake, wanamkutanisha mwanafunzi na wenzake na walezi. Mfuko wako umekuahidi mlezi. Uliandika kama kitu cha pembeni, baada ya nauli na vitabu. Mimi ningekiweka mbele ya nauli. Uzamivu wa kuandikia nyumbani una upweke mkali. Msimamizi yuko mbali, wachungaji wenzako hawajui unafanya nini, na ukimwambia mzee wa kanisa kwamba leo umeshinda ukitafakari kitenzi kimoja cha Kihebrania, atakuombea.

Sasa barua ya kanisa. Kwa nini mfuko unaidai? Ina historia. Mwaka 1958 ulianzishwa Mfuko wa Elimu ya Theolojia, dola milioni 4 za wakati huo, nusu zikitoka kwa akina Rockefeller na nusu kwa jumuiya za kimisioni, ili kuimarisha vyuo vya theolojia Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Vitabu vikanunuliwa, wahadhiri wakasomeshwa. Baadaye John Stott, yule padri wa Kianglikana wa London, alianzisha kazi ya Langham, ambayo mpaka leo inawasomesha uzamivu watu wa makanisa ya kiinjili kutoka nchi zetu kwa matarajio kwamba watarudi kufundisha kwao. Shirikisho la Kilutheri la Dunia nalo hupitisha maombi ya masomo kwa kanisa mwanachama, si kwa mtu binafsi. Wakatoliki wana njia yao, padri anatumwa na askofu wake, anakwenda Roma au Nairobi, anarudi seminari kubwa. Wote wanaogopa jambo lile lile: mtu asomeshwe kwa ajili ya chuo fulani cha Afrika, kisha aonekane kwenye picha za Krismasi za Minnesota, Marekani.

Kwa hiyo ile barua ipo kulinda kitu kimoja, kwamba utarudi darasani. Soma tena mkataba wa dayosisi ukiwa na hilo kichwani. "Kazi yoyote nitakayopangiwa." Wakikupangia idara ya maendeleo au ukatibu wa jimbo, dayosisi imetimiziwa haki yake, na wewe umevunja neno lako kwa mfuko. Huwezi kusaini karatasi zote mbili kama zilivyo ukabaki mkweli kwa pande zote. Hapo ndipo pa kuanzia. Usirudi ofisini kubishania kama unawaamini. Rudi useme, "Baba, mfuko unasomesha walimu. Wakiona kifungu hiki watauliza, na tunaweza kuipoteza nafasi." Hilo ni kweli, na hakuna aliyedharauliwa.

Na wakikurudishia lile swali la kuaminiana, lijibu kwa upole. Hata mahari siku hizi yanaandikwa daftarini, na wanaoandikiana ni watu wanaokwenda kuwa ndugu. Baba Askofu aliyepo leo huenda ni mtu mwema kabisa. Atastaafu. Katibu atahamishwa. Wewe utarudi miaka mitatu au minne baadaye na kukuta mtu asiyejua chochote, anayekuuliza, "Kwani uliahidiwa na nani?" Kwa sababu hiyo barua ya kiongozi peke yake haitoshi. Unataka azimio la halmashauri ya dayosisi, au sinodi, au vyovyote mnavyoliita jambo hilo kwenu, lililoandikwa kwenye muhtasari wa kikao na lenye namba. Barua iwe inataja namba hiyo. Viongozi hubadilika, muhtasari hubaki kwenye faili.

Kifungu cha kurudisha gharama kinanikera zaidi. Dayosisi haiwezi kukudai fedha ambazo haikutoa. Kama mfuko unataka zirudi ukiacha njiani, hilo liwe kati yako na mfuko, kwenye mkataba wao. Dayosisi ina haki ya kudai ilichoweka yenyewe: kwa mfano wakikuacha kwenye nyumba ya usharika na kukulipa mshahara wakati upo likizo ya masomo, hapo wamewekeza na unaweza kukubali kufidia. Nayo miaka saba ni mingi. Ningependekeza miaka sawa na ile ya ufadhili, mitatu kwa mitatu, na iandikwe wazi kwamba ni ya kufundisha katika chuo kinachotajwa kwa jina. Wakivuta mpaka minne au mitano, usigombane. Neno "kufundisha" ndilo usiliachie.

Nisiwaonee lakini. Dayosisi zimeumia. Zimepoteza wachungaji waliopelekwa masomoni kwa sherehe na kuaga kwa nyimbo, na hawakurudi. Anayeandika "kazi yoyote" mara nyingi hana hila, ana woga, na pengine ana pengo kwenye idara fulani ambalo limemkosesha usingizi kama wewe. Ukimwonyesha kwamba utakuwa Dodoma muda wote huu, watoto wako wanasoma hapa na utafiti wako uko Bahi na Mvumi, nusu ya woga inaondoka.

Tuje kwa chuo. "Njoo tu, nafasi ipo" ni maneno ya ukarimu, tunaambiana hata kwenye harusi. Unahitaji barua rasmi yenye jina na anwani ya chuo juu yake, inayosema utaajiriwa kwa cheo gani, ufundishe nini, kuanzia lini, na nani anayelipa. Kuhusu cheo, ukiwa na uzamivu unastahili kuingia kama mhadhiri, si mhadhiri msaidizi, na hiyo iandikwe. Kuhusu nani anayelipa, uliza mara mbili. Katika vyuo vya makanisa wapo wanaolipwa na chuo na wapo walioazimwa na dayosisi zao, ambao dayosisi ikikwama chuo kinasema "huyo si wetu" na dayosisi inasema "huyo yuko chuoni". Watu wameishi hapo katikati. Uliza pia michango ya NSSF inapelekwa kweli au inakatwa tu. Usimuulize mhasibu, muulize mhadhiri wa zamani kama salio lake kule linaonekana.

Halafu jua chuo chenyewe kinatambuliwa na nani. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, vyuo vya astashahada na stashahada chini ya NACTVET, na vingine vya Biblia vina ithibati ya ACTEA, chombo cha elimu ya theolojia cha Afrika kilichoanza 1976, au havina kokote, vinategemea jina la dayosisi. Hata hicho kisicho na usajili kinaweza kuwa na kazi njema ya Mungu ndani yake, lakini ukitaka baadaye kuhamia chuo kikuu, hawatahesabu miaka uliyokaa na chaki, watauliza umechapisha nini. Kwa hiyo kila sura ya tasnifu ifikirie kama makala tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa chuo chako kiko nje, hakikisha sasa hivi, kabla hujalipiwa ada nyingine, kwamba TCU inakitambua na shahada yake itatambuliwa. Nimeona watu wakilifanya hilo baada ya kuhitimu. Inatia huruma.

Hela. Kufundisha theolojia hakutakutajirisha, na mkuu wa chuo amekwambia ukweli ambao wengi hawausemi kwenye usaili. Chuo kinaishi kwa ada, ada inalipwa na dayosisi, dayosisi inaishi kwa sadaka, na sadaka ya huku kwetu inafuata mvua. Mwaka ambao uwele na mtama umegoma, mhadhiri naye anagoma kununua nyama. Ndiyo maana wengi wana shamba la zabibu Hombolo au mabanda ya kuku. Ila hesabu ya nyumba yako ni tofauti na ya mhadhiri ambaye mwenzake hana ajira. Mshahara wa mume wako unatoka Hazina kila mwezi. Nyumba yenye mshahara mmoja wa uhakika inaweza kubeba mwingine unaochelewa, kama mkikubaliana mapema kwamba wako ndio utakaokuwa wa kuchelewa na msipange ada wala kodi juu yake. Kaeni na kalamu, wawili, jioni moja, watoto wakiwa wamelala.

Kuhusu ufadhili wenyewe nina neno moja tu: kinachonunuliwa na zile hela ni muda. Kama utapokea posho huku bado una usharika wenye mitaa, mazishi ya katikati ya wiki, vikao vya jengo na kipaimara, miaka mitatu itaisha ukiwa sura ya pili. Uzamivu wa utafiti kumalizika ndani ya miaka mitatu ni nadra hata kwa asiye na usharika. Wewe tayari umeshatumia mmoja, una mitatu ya kulipiwa, hiyo ni minne. Inatosha, kwa sharti kwamba dayosisi ikupe likizo ya masomo, walau nusu ya kazi, na likizo hiyo iingie kwenye azimio lile lile la halmashauri. Uliza mfuko pia posho inakuja kwa fedha gani na kama bima ya afya ya watoto imo. Wameshaulizwa hayo na wengine, hawatashangaa.

Rafiki yako wa Area D ana hoja kuhusu mshahara, hana hoja kuhusu njia. Nafasi za mtaalamu wa Agano la Kale katika vyuo vya serikali ni za kuhesabu, na mashirika yanatafuta watu wa kilimo, lishe na tathmini ya miradi. Huko Yoeli wako atakuwa pambo la kwenye wasifu. Na kuchukua fedha iliyotengwa kwa ajili ya walimu huku ukijua moyoni huendi kufundisha, hiyo wewe mwenyewe unaijua jina lake, umeihubiri.

Wifi mshukuru kwa kuwajali watoto. Unasoma ukiwa Ipagala, unakula nao ugali mezani, na safari za Afrika Kusini zitakuwa fupi. Panga tu nani atakuwa na huyu wa darasa la nne wiki hizo, kwa jina na kwa siku, maana "tutaona" ndiyo inayozaa maneno ya mawifi. Na kama unahitaji kampani, mwaka 1989 kule Accra, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana aliwakusanya wanawake wa Afrika wanaoandika theolojia wakaanzisha duara lao, na mpaka leo wanaandika, wanakutana na kusomana. Watafute. Mada kama yako, nabii wa njaa akisomwa na mjukuu wa walionusurika njaa, watu hao wataielewa kabla hujamaliza kueleza.

Hiyo mada nayo usikubali ipunguzwe. Wasimamizi wa mbali hupenda kumvuta mwanafunzi arudi kwenye mijadala ya vitabu vya Ulaya, kwa sababu ndiyo wanayoijua. Msikilize kwa mbinu, simama kwenye Mtunya. Anza kurekodi wazee mwaka huu, Mvumi, Bahi, Kongwa, popote wanapokumbuka, kwa Kigogo chao na si kwa Kiswahili cha kumfurahisha mgeni. Ukiwa umesajiliwa chuo cha nje, waulize COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, mapema kuhusu kibali cha utafiti, na upate barua ya Katibu Tawala wa Mkoa kabla ya kubisha hodi kwa mtendaji wa kijiji. Mfuko ukiona una rekodi mkononi na si mipango tu, hata mwaka wa nyongeza ukiuomba utasikilizwa vizuri zaidi.

Leo hii waandikie mfuko. Waambie umepokea kwa shukrani, unakubali, na barua ya kanisa inasubiri kikao cha halmashauri, tarehe uitaje, uombe wiki mbili. Jumatatu nenda kwa katibu wa dayosisi na rasimu mbili ulizochapa mwenyewe: ya barua kwenda kwa mfuko, na ya mkataba uliorekebishwa, pakiachwa nafasi ya namba ya azimio. Ofisi zetu hazichelewi kusaini, zinachelewa kuandika. Kwa mkuu wa chuo fanya hivyo hivyo. Na nakala ya kila kitu mpe mume wako aitunze, maana mafaili ya wachungaji ninayoyafahamu yana mahubiri tu na risiti za mafuta ya pikipiki.